Simu Arobaini Ziliita Kibaoni

Kila Jumatatu simu za Itebele zilisafiri, wenyewe wakabaki.

Kitongoji hakikuwa na umeme. Nguzo zilikuja miaka minne iliyopita. Zilisimikwa moja moja kutoka barabarani, watu wakashangilia, wengine wakachinja na kuku. Nguzo ya mwisho ikasimama mbele ya ofisi ya kijiji. Hapo zikaishia. Kutoka ofisini hadi Itebele ni mwendo wa saa nzima kwa mguu. Basi kila siku ya gulio simu zote zilikusanywa kwenye mfuko mmoja, mfuko ukafungwa nyuma ya baiskeli ya kijana Dieudonne, zikapelekwa Kibaoni, mji wenye gulio. Huko Veneranda alikuwa na duka lenye umeme, kazi yake kuchaji simu. Zilirudi Jumanne jioni.

Jumatatu hiyo ya mwezi wa nne, Silvester alitoka ndani na kiswaswadu chake mkononi. Simu yenyewe ilikuwa imefungwa mpira ili betri isidondoke.

"Weka na hii," alimwambia Dieudonne. "Nayo ikapunge upepo mjini. Mimi mwenyewe sijaona mji tangu Pasaka ya mwaka jana."

"Mzee, yako ina chaji nusu. Si ungebaki nayo?"

"Nibaki nayo nimpigie nani? Mkuu wa wilaya?"

Dieudonne alicheka, akaitupia kwenye mfuko wa simu.

Binti wa Silvester, Kabula, alikuwa anajiandaa kushuka mbugani kwenye mpunga. Mpunga ulikuwa umeanza kuinama, na ndege walikuwa wengi. Mwezi mzima Kabula alikuwa anaamia ndege huko chini, karibu na mto Mlumbi. Alikaa juu ya dungu, jukwaa la miti lenye paa la nyasi, akirusha udongo kwa kombeo tangu asubuhi hadi jioni. Alikwenda na mwanawe Nyanzala, mtoto wa miaka mitatu.

"Baba, kwa nini usiniachie simu hata leo?" Kabula aliuliza.

"Ya nini, mayu, mama yangu? Utawapigia kweleakwelea uwaambie wahame?"

"Nasema tu. Mto ule si wa kuamini."

"Mto umelala. Angalia mbingu. Hata wingu la kufunika kuku halipo."

Ni kweli, mbingu ya Itebele ilikuwa nyeupe. Kabula akambeba mtoto mgongoni, akashuka.

Silvester alibaki anatengeneza zizi la ng'ombe, na mdomo wake haukupumzika. Alikuwa mgane wa mwaka wa pili. Mkewe, mama Kabula, aling'atwa na nyoka akivuna mpunga, akafa njiani wakimbeba kwa machela. Tangu siku hiyo Silvester alikuwa na kesi na kila mwenye kiti cha kuzunguka. Zahanati haina dawa. Barabara haina daraja. Diwani hana aibu. Wiki iliyopita tu, Veneranda alipita nyumba kwa nyumba na daftari. Alisema yeye na wenzake wameanzisha kikundi cha kupashana habari za maafa, wanaandika namba za simu. Silvester alikataa.

"Mmeandika majina yetu ya mbolea. Mmeandika majina yetu ya vyandarua. Mmeandika hadi majina ya mbwa. Kimekuja nini? Namba yangu haiandikwi tena na mtu."

Veneranda alifunga daftari lake, akaaga kwa heshima, akaenda nyumba ya pili.

Saa nane mchana Silvester alisikia mwano.

Msukuma hahitaji kufundishwa mwano. Ni ile sauti kali ya kuomba msaada, ukiisikia unaacha hata tonge. Unachukua fimbo, unakimbilia inakotoka. Asiyekwenda anatozwa faini na sungusungu, na siku yake ikifika hatapata wa kumwitikia. Mwano huu ulitoka mbugani. Sauti ilikuwa ya mwanamke.

"Wezi wa ng'ombe!" mtu alipiga kelele upande wa pili wa njia.

Wanaume wakatoka kila nyumba. Wengine wana fimbo, wengine mapanga, mmoja ana upinde na mishale. Wanawake wakafuata nyuma. Itebele nzima ikateremka mbugani mbio, na Silvester yuko mbele, umri wake ameusahau zizini.

Hawakukuta mwizi. Walikuta maji.

Maji mekundu, mazito, yanakuja bila haraka kati ya majaruba, yamebeba magogo na ndoo za watu. Mvua haikunyesha Itebele hata tone. Ilinyesha milimani, mbali huko, usiku kucha na asubuhi yake. Mto ulikuwa umeishusha yote kwa mkupuo. Watu walisimama na fimbo zao mikononi. Hakuna aliyejua ampige nani.

Dungu la Kabula lilikuwa katikati. Nguzo zake zilikuwa zimezama hadi nusu, na lilikuwa linayumba. Kabula alikuwa juu, amemfunga mtoto mgongoni kwa kanga mbili. Alipomwona baba yake hakupiga kelele tena. Alinyoosha mkono tu.

"Msiingie hovyo!" sauti ya mwanamke ililia nyuma yao. Alikuwa Veneranda, ameshuka kwenye bodaboda, matope hadi kiunoni. "Wasio na kazi hapa wapande juu! Nyie mliosimama kwenye tuta, ondokeni, tuta linakatika!"

Kwanza hawakumsikia. Kisha kipande cha tuta kikakatika kweli, watu watatu wakaangukia magoti majini, wakavutwa. Hapo wote wakarudi nyuma.

Kamba za ng'ombe zikaletwa, zikaungwa pamoja. Dieudonne, ambaye ni mrefu, alikuwa amesharudi kutoka Kibaoni. Alifungwa kamba kiunoni, wanaume kumi wakaishika. Maji yalimfika kifuani. Aliteleza mara mbili, na mara mbili Silvester alifumba macho. Alimleta mtoto kwanza, kisha Kabula. Dungu lilianguka kabla Kabula hajafika ukingoni.

Mtoto alikuwa anatetemeka, midomo imekuwa ya kijivu. Alimwangalia babu yake akasema, "Guku, nataka kulala."

Silvester alimvika shati lake. Akambana kifuani.

Mpunga wa Itebele uliisha siku hiyo, wote. Lakini hakuna aliyekufa.

Asubuhi yake Silvester alikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, Stanslaus. Hakupiga hodi. Veneranda alikuwepo uani, amelala hapo kwa sababu njia ilikatika.

"Mwenyekiti," Silvester alisema, "leo utaniambia. Serikali ilijua kuna maji au haikujua?"

"Mzee wangu, kaa kwanza."

"Nimekaa miaka sitini na moja. Nijibu."

Stanslaus alikuna shingo. "Onyo lilitoka. Watu wa hali ya hewa walitangaza mvua kubwa milimani. Ujumbe ulitumwa kwenye simu."

"Simu za nani?"

"Zetu."

"Na wewe uliupata?"

Stanslaus aliangalia chini. "Simu yangu ilikuwa kwenye mfuko. Mfuko ule ule."

Silvester alipiga kofi mapaja yake. "Haya! Na kile kipaza sauti? Mwaka jana mlituita mkutano, mkapiga nacho picha, mkasema ni cha maafa. Kiko wapi?"

"Kimefungiwa kabatini ofisini kisiharibike. Ufunguo anao mtendaji."

"Mtendaji yuko wapi?"

"Yuko Mpanda. Semina."

"Semina ya nini?"

Stanslaus alikohoa. "Ya maafa," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo.

Silvester alicheka, kicheko kibaya kisicho na furaha. "Mnaona? Mnaona nchi hii? Maafa yako hapa, mtu wa maafa yuko Mpanda anakunywa soda! Mjukuu wangu angekufa jana na kipaza sauti kimelala kabatini na afya njema!"

"Uko sahihi, mzee," Veneranda alisema.

Silvester alimgeukia. Hakuzoea kuambiwa yuko sahihi.

"Kipaza sauti kufungiwa ni kosa lao, na tutalisema mkutanoni wakiwepo," Veneranda aliendelea. "Lakini ngoja nikueleze jana ilivyokuwa kwangu. Saa nne asubuhi nilikuwa dukani. Simu zenu arobaini ziko kwenye rafu, zinachajiwa. Mara zikaanza kuita zote pamoja. Ti-ti-ti, kama vifaranga. Nikasoma ujumbe kwenye yangu. Nikasema, niwapigie Itebele haraka. Nikampigia Dieudonne. Simu ikaita mbele ya pua yangu. Nikampigia mwenyekiti. Ikaita rafu ya juu. Nikampigia mwalimu wa kanisa, ikaita pembeni ya ya mwenyekiti. Nikampigia mtendaji, akaniambia anawasiliana na mwenyekiti. Yoo! Nikaisikia simu ya mwenyekiti inaita tena hapo hapo rafuni! Yako sikuwa na namba yake, mzee. Ila nayo iliimba. Nimeijua kwa ule mpira."

Stanslaus alifunika uso kwa viganja.

"Kutafuta bodaboda ya kukubali njia ile, imefika saa sita," Veneranda alisema. "Ujumbe uliingia saa nne. Maji yalifika saa nane. Mlikuwa na saa nne nzima za kumtoa Kabula kwa miguu, taratibu, hata mtoto akitembea mwenyewe. Zililala dukani kwangu."

Silvester alikaa kwenye kigoda ambacho mwanzo alikikataa. Aliposema, sauti haikuwa ile ya kugomba.

"Hata siku ya mama Kabula ilikuwa Jumatatu."

Veneranda aliitikia kwa kichwa. Alikuwa anajua. Siku ile pia simu ya Silvester ilikuwa rafuni, imejaa chaji.

"Nimewatukana zahanati miaka miwili," Silvester alisema. "Na nitaendelea kuwatukana, maana dawa ya nyoka kweli haikuwepo. Lakini gari la wagonjwa hatukuliita. Tungeliita na nini?" Alijifuta uso kwa kiganja. "Haya, mama. Wewe ndiye mwenye daftari. Sema tufanye nini."

Mkutano ulifanyika Ijumaa chini ya paa la kanisa, kilimani. Mtendaji alikuja. Silvester alimwambia yote aliyokuwa nayo moyoni, na alikuwa nayo mengi. Kabati lilifunguliwa siku hiyo hiyo. Kisha Veneranda akasimama.

"La kwanza ni simu," alisema. "Zisiondoke zote siku moja. Nyumba za juu zichaji Jumatatu, nyumba za chini zichaji Alhamisi. Kila siku ya Mungu, nusu ya Itebele iwe na simu inayowaka."

"Mtandao wa uhakika unapatikana kwenye kichuguu tu," mama mmoja alilalamika.

"Basi msimu wa mvua simu moja ikae pale kichuguuni na mtu wake, kwa zamu. Kikundi chetu kitaleta sola ndogo ya kuichaji na kukichaji kipaza sauti. La pili, tusingoje ujumbe tu. Huko juu mtoni kuna daraja, na karibu yake anaishi Aloyce, fundi baiskeli. Amekubali kupaka rangi nyekundu kwenye nguzo ya daraja. Maji yakigusa rangi anapiga simu huku. Kutoka kwake hadi kwenu, maji yanatumia saa tatu au zaidi."

"Akiwa na salio dogo?"

"Atabipu mara tatu mfululizo. Bipu haili salio. Ukiona bipu tatu za Aloyce, usikae kumtafuta umuulize habari za nyumbani. Toa watu."

Watu walicheka kidogo.

"Na la tatu ni mwano," Veneranda alisema.

Kicheko kikakatika. Silvester alisimama. "Mwano uache. Wewe ni mtu wa Mishamo, wazazi wako walitoka Burundi, hapo usiguse. Mwano ni wa mababu zetu."

"Siugusi kwa ubaya, mzee. Nauliza tu. Mwano ukipigwa, watu wanafanya nini?"

"Wanakwenda unakotoka. Wote. Bila kuuliza."

"Na Jumatatu ulitoka wapi?"

Silvester alimgeukia binti yake.

Kabula ndiye aliyejibu, mtoto mapajani. "Ulitoka kwangu, majini. Nilipiga mwano kwa sababu sikujua sauti nyingine. Nikaona kijiji kizima kinateremka kuja kwenye maji, na watoto nyuma. Baba, niliogopa kuliko nilivyoogopa mto. Nikatamani niurudishe mdomoni."

Wazee waliinama. Baada ya kunong'onezana, mkubwa wao akasema mwano unaita watu waje, na maji yanataka watu waondoke. Vitu viwili haviwezi kuwa na sauti moja. Walikubaliana mwano ubaki wa wezi na moto. Maji yatakuwa na filimbi ya sungusungu, tatu ndefu, tena na tena, pamoja na kipaza sauti. Ukisikia filimbi tatu huendi inakotoka. Unapanda kanisani. Huokoi godoro, hufuati kuku, huvuki maji yanayotembea hata kama yanakufika magotini. Ukifika juu jina lako linaitwa, ili ajulikane aliyebaki.

"Na kipaza sauti kitakaa kwa nani?" Stanslaus aliuliza.

"Kwa mwenye sauti kubwa kuliko wote na anayekaa karibu na mbuga," Veneranda alisema. Watu wote wakamgeukia Silvester.

"Mnanicheka," alisema Silvester. Lakini alikipokea.

Walifanya mazoezi mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa vurugu. Nusu ya wanaume walisikia filimbi, wakachukua fimbo, wakakimbilia mbugani. Silvester aliwatukana kwenye kipaza sauti hadi wakasikia watu wa vijiji vya jirani. Mara ya pili walipanda wote, na bibi mmoja alipanda na mbuzi wake, akagoma kumwacha.

Mwaka uliofuata mvua zilikuja mapema. Redio ilitangaza, Veneranda akatuma ujumbe: mpunga uliokomaa uvunwe, msingoje. Kabula alivuna robo tatu. Robo iliyobaki ilikuwa bado mbichi, akarudi kuamia ndege.

Alhamisi moja, saa tano asubuhi, Silvester alikuwa na zamu ya kichuguuni. Jua lilikuwa kali na alikuwa anaisema barabara, ingawa hakukuwa na mtu wa kumsikiliza. Simu ikaita, ikakata. Ikaita, ikakata. Ikaita, ikakata. Aloyce.

Silvester alipuliza filimbi hadi masikio yake yakaziba. Kisha akashika kipaza sauti.

"Itebele! Maji! Tokeni mpungani! Kabula, mayu, shuka kwenye dungu! Panda kanisani! Si kesho, sasa! Stanslaus, acha hiyo suruali kwenye kamba, nakuona!"

Watu walipanda. Hapakuwa na mbio wala vilio. Kabula alifika na Nyanzala akitembea kwa miguu yake mwenyewe, ameshika suke la mpunga. Stanslaus aliita majina nyumba kwa nyumba, na kila jina likaitikiwa. Baba mmoja alikosekana. Alipigiwa simu, akajibu yuko ng'ambo kwa shemeji yake, salama.

Saa tisa kasoro mto ulipanda. Ulichukua robo ile ya mpunga na madungu mawili yaliyokuwa mbugani. Watu waliangalia kutoka juu, wamekaa.

Silvester hakukaa. Alikuwa amerudi kichuguuni tangu saa sita, simu sikioni. Chini ya Itebele, mto unapoelekea ziwani, kuna kitongoji kingine. Namba ya mwenyekiti wao ilikuwa kwenye daftari la Veneranda. Tangu hapo ilikuwa haipatikani; sasa ilianza kuita, akapiga mara ya nne.

"Pokea, baba," alisema kwa hasira. "Pokea! Watu gani hawa wasiopokea simu!"

Mara ya saba ikapokelewa.

"Haloo, nani?"

"Silvester wa Itebele. Maji yanakuja kwenu. Toa watu mbugani."

"Itebele? Nani amekutuma? Mbona huku jua linawaka?"

Silvester alivuta pumzi. Matusi yote yalikuwa tayari mdomoni. Aliyameza, akasema polepole kama anayemwongoza mtoto kuvuka njia.

"Sikutumwa na mtu, ndugu yangu. Huku pia jua linawaka. Mwaka jana nilimwacha binti yangu na mjukuu wangu kwenye jua kama hilo. Una watoto mpungani?"

Upande wa pili redio ikazimwa.

"Wapo wawili," yule mtu alisema.

"Basi nenda kawaite. Simu usiikate."

Hakuikata. Silvester alisikia hatua za mtu anayekimbia, mlango ukafunguliwa kwa nguvu, mbwa akabweka. Kisha, kwa mbali, akasikia mtu anagonga debe, na sauti ya mwanamume inaita majina ya watoto. Jina la kwanza liliitikiwa. Akaibana simu sikioni, akasubiri la pili.

Likaitikiwa.